Vimondo saa nane, geti linafungwa saa nne

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaba kooni tangu Desemba. Nilienda usiku wa wazi kwa umma kwenye kituo kimoja cha kuangalia nyota, jina silitaji wenyewe watajijua, kuona vimondo vya Geminidi, ile mvua ya vimondo ya kila Desemba, ule usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, mimi na binti yangu wa miaka tisa na blanketi letu. Tangazo lilisema vimondo 120 kwa saa.

Tukafika tukapangwa foleni ya darubini. Foleni ndefu balaa, karibu saa nzima tumesimama, na hapo ndo sielewi kabisa maana darubini inakuonyesha kipande kidogo cha anga, ni kama unachungulia tundu la ufunguo, na kimondo kinapita popote kinapotaka, sekunde moja kimeisha. Vimondo unaangalia kwa macho yako mawili umelala chali basi. Tuko pale kwenye foleni mara tunasikia "uuuwii!" kwa waliokaa kwenye majani, tunageuka, hamna kitu. (Sayari ya Mshtarii, yaani Jupita, tuliiona lakini, na miezi yake minne imejipanga mstari, hapo siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu.)

Halafu taa jamani. Jicho linataka dakika 20 mpaka 30 gizani ndo lizoee, ukimulikwa mara moja tu unaanza upya. Sasa kulikuwa na skrini kubwa inawaka, na jamaa wa pembeni yangu kila dakika anafungua simu kutafuta kundinyota, mwanga wote usoni kwetu. Si wangegawa tu karatasi nyekundu za kufunika tochi, mwanga mwekundu hausumbui macho kihivyo.

Aliyekuwa anaelezea alijua kazi yake, sitaki kumwonea. Alisema kinachowaka ni vichembe kama mchanga vinavyoingia angani kwa kilomita 35 kwa sekunde na kuungua juu huko, kilomita 80 na zaidi, na kwamba mvua nyingi za vimondo ni vumbi la nyota mkia ila hii ni ya asteroidi, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua, iitwayo Phaethon, iliyogunduliwa 1983. Binti yangu akauliza mbona 120 hatuvioni. Akacheka tu, akahamia slaidi nyingine.

Jibu ni kwamba ile 120 ni hesabu ya anga jeusi tii na kundinyota la Mapacha, ndiko vimondo hivi vinakoonekana kutokea, likiwa juu kabisa ya kichwa, na Mapacha hufika juu zaidi kama saa nane usiku. Saa tatu bado liko chini mashariki, vimondo vingi vinaishia upande ule tusiouona. Ukibahatika unapata kimoja kirefu, na kweli tulikipata, cha njano, kilitoka mashariki kikaenda polepole mpaka karibu na magharibi, binti akanishika mkono bila kusema kitu.

Saa nne kamili tukaambiwa muda umeisha. Yaani umemwalika mtu harusini halafu unamtoa kabla bwana harusi hajafika! Kama shida ni ulinzi au posho za wafanyakazi, waweke kiingilio, tutalipa, lakini wafungue saa tano usiku wafunge saa kumi. Agosti Perseidi, mvua nyingine ya vimondo, zinakuja, kilele tarehe 12 na 13, nazo ni za usiku wa manane kwenda alfajiri, muda wa kujipanga upo.

Sisi hatukuondoka. Tulitandika blanketi nje ya geti, mlinzi akaja kuuliza tunangoja nini, nikamwonyesha juu, akasimama kidogo, akarudi akazima taa ya getini. Binti alilala kwenye kimondo cha 34. Mi nikaendelea mpaka 52, na asubuhi akaniambia hivyo vilivyozidi nimevitunga.

Msomaji wenu