Usiifute sura ya saba

Igogo, Mwanza
Jumapili usiku

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, Kulwa na Doto wameanza kukaa, mama anakusalimu, na yule wa Pasiansi hatimaye ameoa. Hayo tutaongea kwenye simu.

Nimeshindwa kulala kwa ajili ya ujumbe wako. Eti dada yako kasoma mswada wa hadithi yako, kasema hakuna mama anayemtazama mwanawe namna ile, na wewe unaifuta sura ya saba. Shoga yangu, nakuomba, usiifute.

Niliisoma saa nane usiku, Doto yuko titi la kushoto, Kulwa analia anataka zamu yake. Nikafika pale mama kajifungia kwenye mnara wa kasri, anahesabu meno ya mtoto kwa kidole, anawaza kesho amletee nani ale. Hapo Doto akaning'ata. Ana meno mawili tu ya chini, lakini maziwa yalitoka na damu, naye akaendelea kunyonya, macho kafumba. Nikamwogopa. Kitambo kidogo tu, lakini nilimwogopa mwanangu wa kumzaa. Hata Baba Kulwa sijamwambia. Wewe ulikuwa umeshaliandika.

Kinachonikwaza ni lile kasri na theluji yake. Wewe umekulia hapa! Ijumaa nilinunua sangara pale Kirumba Mwaloni, wa kilo tatu hivi. Kijana anayepara samaki akampasua, tumboni akatoa sangara mwingine wa urefu wa kiganja, magamba bado yanang'aa. Akasema, "Hawa, mama, hata watoto wao wanakula," akamtupa pembeni, akaendelea na kazi. Mimi nikabaki nimesimama na ndoo yangu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo anaowala, walikuwa wamekwisha kwa wingi usiosimulika. Na furu jike, kumbuka, huatamia mayai kinywani. Vifaranga wakitishwa wanarudi mle mle mdomoni kwa mama yao. Anakaa siku nyingi bila kula la maana, kinywa kimejaa watoto. Kinywa hicho hicho, Rehema. Sura yako ya saba ni hiyo.

Halafu kuna Shing'weng'we, lile zimwi la ngano zetu za Kisukuma. Bibi alivyotusimulia, zimwi lilimeza watu wote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Sote tulimshangilia Masala Kulangwa, mwanawe, alipolipasua tumbo. Yule mama je? Dunia nzima imemezwa, anajifungua peke yake, alikuwa anakula nini? Nilipokuwa mdogo sikuwahi kuuliza. Sasa kila nikinyonyesha namuwaza yeye.

Dada yako simlaumu, anakupenda, anaogopa watu watasema ni wewe. Waache waseme. Kasri ukitaka libaki, libaki, ila ile sura usiiguse.

Nakala nyingine unayo, au ni hiyo moja tu? Umeshafuta tayari? Mwishoni nani anamla nani, mbona kurasa za mwisho hukunitumia? Na wewe unakula vizuri huko? Utakuja lini uwaone hawa wawili? Nikikuwekea dagaa wa kukaanga kwa basi la Alhamisi, kuna mtu wa kukupokelea?

Nijibu usiku huu huu, hata neno moja. Niko macho.

Wako,
Mama Kulwa