Binti hakukana kwao

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Hata mlipochanganya visiwa vya Ukerewe na Ukara nilinyamaza. Lakini makala yenu ya Jumamosi kuhusu bunilizi za kisayansi za Kiafrika, ile mliyoipa kichwa "Binti Aliyekana Kwao", imenikosesha usingizi siku tatu.

Mwandishi wenu ameizungumzia novela ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iitwayo Binti, iliyotoka mwaka 2015 na kupata tuzo ya Hugo ya bunilizi za kisayansi mwaka 2016. Anadai kwamba msichana yule wa Kihimba alitupa mila zake ili akasome chuo kikuu kwenye sayari ya mbali, na kwamba Mwafrika hana budi kuchagua moja, kwao au nyota. Nauliza bila kuficha: alikisoma kitabu chenyewe, au alisimuliwa?

Ni kweli msichana anatoroka alfajiri, ndugu zake wamelala. Lakini anaondoka amejipaka otjize, ule mchanganyiko wa udongo mwekundu na mafuta ambao wanawake wa Kihimba kule Namibia hujipaka mwilini na kwenye nywele hadi leo, na nyingine ameibeba kwenye chombo. Njiani watu wanamshika nywele bila hata kumwomba. Haifuti. Akiba inapomwishia, anachimba udongo wa sayari ile ngeni, anauchanganya kwa mikono yake, anajipaka, na otjize hiyo mpya inaponya kama ile ya kwao. Aliyekana kwao atahangaikia udongo wa nini? Na mmeandika kwamba Binti ni jina la Kihimba. Mhariri, neno hilo tunaliita watoto wetu kila siku ya Mungu, halafu gazeti la Kiswahili linatuambia ni la watu wengine!

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na sasa nauza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Binti yangu wa mwisho alipopata nafasi ya kusoma Ulaya, usiku wa kuamkia safari nilimkaangia dagaa wa chanja, siyo wale wa kuanikwa mchangani, kwa tangawizi, ndimu na pilipili kidogo, nikawajaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulizungushia solotepu. Uwanjani mkaguzi akalifungua, akageuza uso pembeni, akasema mbele ya foleni nzima: "Mama, mtoto anakwenda kwa watu, unamfungashia harufu?" Akalimwaga lote kwenye pipa. Sikuonyeshwa sheria yoyote; ingekuwapo ningeisoma, kusoma ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Binti yangu alibaki na kifuniko mkononi, na akapanda nacho ndege. Mpaka leo kiko mezani kwake huko, anawekea sindano na vifungo. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba minofu ya sangara wa Ziwa Victoria hilihili inapanda ndege kwenda Ulaya ikiwa na barafu yake na vyeti vyake, na hakuna anayeigeuzia uso. Harufu ya ziwa ikiuzwa na wakubwa ni biashara, ikibebwa na mtoto wa mchuuzi ni aibu!

Mwaka wa pili alinipigia usiku. Alikuwa amepata samaki wadogo wakavu kwenye duka la watu kutoka Asia, akawakaanga kwa tangawizi na ndimu. Akaniambia: "Mama, si wa kwetu, lakini nimewafanya wa kwetu." Ni huyohuyo aliyekuja kunisomea Binti kwa simu, kila Jumapili jioni, akikitafsiri sentensi kwa sentensi. Tulipofika kwenye ule udongo wa sayari nyingine hakunifafanulia kitu. Alinyamaza kidogo, akaendelea.

Sasa sikiliza alipokuja likizo. Aliingia uani, akapiga goti, akamwamkia shangazi yake kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Watu wakacheka. Wakasema amekuwa Mzungu, ulimi umepinda, ameshatusahau. Mtoto aliyesafiri siku mbili ili apige goti kwenye ua wa bibi yake! Kama kuna aliyekana hapo, ni sisi tuliokaa kwenye mikeka. Na mwandishi wenu angesoma sehemu ya pili ya hadithi hii, iliyotoka mwaka 2017, angekuta Binti amerudi nyumbani na ndugu zake mwenyewe wanamlaumu kwa kuondoka. Kichwa chenu cha habari kimeokota lawama za ndugu wale na kuzifanya ndiyo ukweli wa kitabu. Jambo hili wala si geni kwetu, ingawa makala inasema Mwafrika hakuwahi kuandika hadithi za angani. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea hewani, na nimeifundisha mpaka kurasa zikanilegea mikononi. Nchi ile inatuma wajumbe sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanarudi na maarifa ya kuwafaa watu wao, na malipo yao ni gereza. Hakuna hata mmoja wao aliyeikana Kusadikika. Kusadikika ndiyo iliyowakana. Miaka zaidi ya sabini baadaye, gazeti langu linamfungulia mashtaka yaleyale msichana mwingine.

Na tusijidai kwamba lawama hizi zinawangoja waliovuka bahari tu. Mjukuu wangu wa darasa la tatu, katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapahapa mjini, alirudi nyumbani na alama ya kamba shingoni. Alikuwa amevalishwa kibao tangu saa nne asubuhi kwa kosa la kumwomba mwenzake ufutio kwa Kiswahili. Kibao kilikuwa cha mbao, kizito kuliko daftari zake. Nilikwenda kuuliza. Nikaambiwa ndiyo njia ya kumwandaa mtoto kwa dunia ya kesho. Huyu hajapanda hata kivuko cha kwenda Kamanga, ameshaanza kunyang'anywa kwao, na mzazi analipia ada. Kuhusu jambo hilo sijasoma makala hata moja kwenu, wala sijakiona kitabu cha Binti kwa Kiswahili katika duka lolote nililoingia hapa Mwanza, ingawa jina lake kwenye jalada ni la Kiswahili.

Ombi langu ni hili. Ukurasa wenu wa Jumamosi wa utabiri wa mechi, ule wa watu wa mikeka ya kubeti, ugaweni nusu kwa miezi sita. Nusu hiyo wapeni wanafunzi wa sekondari wa kandokando ya ziwa, kuanzia Musoma hadi Bukoba, waandike hadithi za miaka mia moja ijayo, kwa Kiswahili, zisizozidi maneno 1,200. Sharti liwe moja: anayeondoka abebe kitu kimoja cha kwao, na kitu hicho kimsaidie mahali ambapo mashine imeshindwa. Kiwe mtumbwi, kiwe karabai, kiwe kitendawili cha bibi, wao watajua. Mimi nitanunua bahasha na stempu za shule tatu za Ilemela, na nitasahihisha insha zote zitakazoletwa, bure, kwa kalamu nyekundu, jioni nikitoka Mwaloni.

Na kichwa kile cha habari kisahihishwe Jumamosi ijayo, kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza