PF3 ambayo haikusomwa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mashtaka

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashtaka,
Dodoma.

YAH: KESI ZA UBAKAJI ZINAZOFIA MIKONONI MWETU

Mheshimiwa, mimi ni msaidizi wa kisheria huku wilayani. Kazi yangu kubwa ni kusindikiza. Nampeleka mama na mwanawe dawati la jinsia, kisha hospitali, kisha polisi tena na ile PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika alichokiona alipompima mtoto, halafu mahakamani, halafu mahakamani, halafu mahakamani. Sheria nimejifunzia kwenye benchi la korido.

Mwaka jana mtoto wa miaka tisa alikutana na wakili wa Serikali anayeendesha kesi yake kwa mara ya kwanza mlangoni mwa mahakama, asubuhi ile ile ya kutoa ushahidi. Wakili alikuwa na majalada sita mkononi. Akamuuliza jina, akapekua kurasa, akamwambia, "Usiogope, sema yote." Basi mtoto akaingia kueleza mbele ya wageni jambo ambalo hata mama yake amelisikia vipande vipande. Akasema, "Alinifanyia tabia mbaya." Hakuna aliyemuuliza tabia gani.

Wewe unajua uzito wa swali hilo kuliko mimi. Mahakama ya Rufani imeshakubali kwamba mtoto hawezi kutaja kila kiungo kwa jina lake. Lakini hakimu lazima aelewe pasipo shaka kwamba mtoto anazungumzia kuingiliwa, na kazi ya kumfikisha hapo ni ya upande uliomwita.

Sheria yetu si dhaifu. Tangu 1998 mbakaji anaweza kufungwa miaka 30 au maisha. Katika rufaa ya Selemani Makumba, 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Lakini soma hukumu za rufaa, ziko wazi kwenye TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama zetu. Watu wanaachiwa kwa sababu PF3 ilipokelewa kama kielelezo, kisha haikusomwa kwa sauti mahakamani, jambo ambalo rufaa ya Robinson Mwanjisi ilishalifundisha mwaka 2003. Au umri wa mtoto haukuthibitishwa. Au hati ya mashtaka inataja tarehe moja na shahidi nyingine. Au mtoto asiyezidi miaka 14 hakuahidi kwanza kusema ukweli, kama yalivyotaka mabadiliko ya 2016. Kusoma PF3 ni dakika mbili, Mheshimiwa!

Sisemi kila anayeshinda rufaa ana hatia. Wapo waliosingiziwa, nimeona ugomvi wa shamba ukivishwa nguo ya ubakaji. Wakili aliyekutana na shahidi mapema angeligundua hilo pia.

Agosti 2024 nchi nzima iliona video ya binti wa Yombo Dovya, Dar es Salaam, akibakwa na kundi la wanaume. Washtakiwa wanne walifikishwa mahakamani Dodoma tarehe 19 Agosti. Tarehe 30 Septemba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wiki sita! Kumbe inawezekana. Mtoto ninayemsindikiza hana video, na kesi yake imeahirishwa mara kumi na moja. Katikati ya tarehe hizo wazee wamekuja na mbuzi na maneno ya "tuyamalize kifamilia". Jirani aliyekuwa shahidi amechoka kujilipia nauli.

Lipo pia la kufuatwafuatwa. Dada mmoja anayeuza chakula stendi anafuatwa na mwanamume yule yule kila jioni, akibadilisha namba anapigiwa kwa namba mpya. Alipokwenda kulalamika aliulizwa, "Kwani amekufanya nini?" Ni kweli Kanuni ya Adhabu haina kosa lenye jina hilo. Lakini vitisho ni kosa, udhalilishaji wa kijinsia ni kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ujumbe wa kumtisha na kumsumbua mtu. Ofisi yako ikiwaeleza wapelelezi hivyo kwa waraka, swali lile halitaulizwa tena.

Ninachoomba hakihitaji fungu jipya la bajeti. Wakili akutane na shahidi siku kadhaa kabla, kwenye chumba chenye mlango. Jalada lisiende mahakamani kabla mtu mmoja hajaweka hati ya mashtaka, maelezo na PF3 mezani pamoja na kuvilinganisha. Na ofisi yako ikiamua kutoendelea na shauri, mamlaka ambayo sheria imekupa, mwathirika aandikiwe sababu. Mama mmoja alipata habari hizo kwa jirani, baada ya kumwona mtuhumiwa dukani akinunua sukari.

Kesi yetu imepangwa tena Alhamisi. Daktari aliyejaza PF3 amehamishiwa mkoa mwingine, na hatujaambiwa kama ameitwa. Sisi tutakuwa kwenye benchi saa mbili asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria