Barua ya malalamiko: diski za zirkonia zenye namba ya kusinyaa isiyo sahihi

Maabara ya Meno ya Bandia,
Upanga,
Dar es Salaam.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kusambaza Vifaa vya Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DISKI ZA ZIRKONIA ZENYE NAMBA YA KUSINYAA ISIYO SAHIHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia na mmiliki wa maabara inayohudumia kliniki za Upanga, Kariakoo na Kinondoni. Nimekuwa mteja wenu tangu nilipohama kwenye nta na plasta na kuanza kusanifu krauni, yaani vifuniko vya meno, kwa kompyuta. Mzigo wa mwisho wa diski za zirkonia, ile kauri ya kuchongea krauni, mlioniletea umeniharibia kazi na kuwasumbua wagonjwa wasio na kosa lolote. Jibu mlilonipa kwa simu sikubaliani nalo, na ndiyo maana sasa naandika.

Kijana wenu wa mauzo aliniambia namba iliyo kwenye lebo si jambo la kunishughulisha, niweke tu ile ninayoitumia siku zote. Kauli hiyo imenitia hofu kuliko hasara yenyewe, kwa hiyo naomba nieleze namba hiyo inafanya kazi gani. Daktari huskani jino lililosagwa, faili linanifikia kwa intaneti, ninasanifu krauni, kisha mashine inaichonga kutoka kwenye diski. Hapo zirkonia bado ni laini kama chaki. Ugumu wake inaupata tanurini, kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi, na humo humo inasinyaa karibu moja ya tano ya upana wake. Basi programu lazima ikuze krauni kabla ya kuichonga, na kipimo cha kuikuza hakitoki kichwani mwa fundi. Kinasomwa kwenye lebo. Kila bachi, yaani kila kundi la diski zilizotengenezwa pamoja, ina chake, kwa kuwa unga wa zirkonia haushindiliwi sawasawa kila mara kiwandani.

Lebo za mzigo wenu zimeandikwa 1.230. Niliingiza hiyo hiyo. Krauni zilitoka tanurini zikiwa na ukingo safi na rangi nzuri, lakini hazikuingia kwenye meno. Daktari mmoja alidhani skana yake ndiyo mbovu, akamwita mgonjwa na kumskani upya. Nikachonga tena, hali ikawa ileile. Mwingine alijaribu kuisaga krauni kwa ndani ili ikae. Sisi mafundi tunaliogopa sana jambo hilo, maana kusaga zirkonia iliyokwisha kuchomwa kunaweza kuacha nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, mgonjwa akaja kupasukiwa na krauni katikati ya chakula.

Aliyeniuma zaidi ni mama aliyevuka kwa boti kutoka Unguja kuja kuvalishwa daraja la meno matatu. Meno yake mawili ya kushikilia daraja yalikuwa yamekwisha kusagwa, na gamba la jino likishaondolewa halioti tena. Alirudi nyumbani na meno ya muda ya plastiki, akila upande mmoja. Hakulalamika hata kidogo, aliuliza tu arudi lini.

Mlidai tatizo ni tanuri langu, au umeme kukatika wakati wa kuchoma. Nililichukulia dai hilo kwa uzito. Nilichonga mchemraba kutoka kwenye diski yenu ambao, kwa namba 1.230, ulipaswa kutoka tanurini ukiwa milimita 20 kila upande. Nilipoupima kwa kaliper ya dijitali kabla ya kuchoma ulikuwa milimita 24.60, sawasawa kabisa, kwa hiyo mashine ya kuchonga haina kosa. Ulipotoka ulikuwa 19.70. Ndani ya tanuri lilelile, usiku uleule na kwa programu ileile ya joto, niliweka mchemraba wa diski iliyobaki kwenye mzigo wenu wa zamani, nao ukatoka 20.00. Umeme haukatiki kwa mchemraba mmoja ukaacha wa pembeni yake.

Upungufu huo ni asilimia 1.5. Kwenye gego la milimita 10 ni milimita 0.15, nayo nafasi ninayoacha kwa ajili ya simenti ni 0.04 tu kila upande. Kwenye daraja la milimita 30 upungufu unafika 0.45. Hakuna daktari anayeweza kulikalisha daraja la namna hiyo.

Kisha nikaibandua lebo. Chini ya karatasi yenye 1.230 kuna maandishi ya kiwandani, na yanasomeka 1.249. Ukigawanya 24.60 kwa 19.70 unapata namba hiyohiyo. Sijui nani alibandika karatasi ya juu wala kwa sababu gani, na simtuhumu mtu. Ila ilibandikwa, na ninyi ndio mlioniuzia.

Naomba mchukue diski zote za bachi hiyo na kunipa nyingine zenye lebo ya kiwandani isiyofunikwa. Mnilipe gharama za krauni na madaraja niliyorudia, pamoja na nauli za wagonjwa, ambazo nimekwisha kuwarudishia kutoka mfukoni mwangu. La tatu ndilo kubwa kwangu: wajulisheni kwa maandishi wateja wote waliouziwa bachi hii, Dar es Salaam na mikoani. Huenda sasa hivi kuna fundi anayelaumu tanuri lake, na daktari anayesaga krauni kwa ndani.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa kuwa hivi ni vifaa tiba, na Tume ya Ushindani, kwa upande wa lebo.

Ankara, picha za lebo zote mbili na vipimo vimeambatishwa. Michemraba na diski zilizobaki nimezifungia kabatini. Mtumeni mtaalamu, si mtu wa mauzo, aje na kaliper yake apime mwenyewe.

Wenu katika kazi,

Fundi Mkuu na Mmiliki wa Maabara

Nakala: Madaktari wa kliniki husika