Wanashindishwa njaa bure, halafu nyumbani wanapewa Fanta na mrija

Bwana Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo juu ya hii mambo ya kutoa jino la mwisho, lile la kule nyuma kabisa. Hapa Bukavu naona watu wanateswaka mara mbili: kabla ya kutolewa wananyimwa chakula bila sababu, kiisha wakitoka pale wanaachwa wakule na wanywe chochote. Ukali unawekwa pahali hautakiwi, na pahali unatakiwa watu wananyamaza.

Mdogo wangu alipewa randevu ya asubuhi, kwenye karatasi wakamwandikia "à jeun", ni kusema bila kula, basi. Akalala bila kula, asubuhi akashuka kutoka Kadutu kwa mguu, akakaa kwenye benchi mpaka karibu saa sita, na sindano ilivyomuingia tu kwenye ufizi jasho likamtoka, macho yakageuka, akateleza kwenye kiti. Jino lenyewe halijaguswa! Wakamkorogea sukari kwenye kikombe, na infirmiye huyo huyo anamuuliza, weye kwa nini haukukula?

Mambo ni hivi. Ganzi ya kudungwa mdomoni, mtu eko macho anasikia kila kitu, hiyo haiombi njaa hata kidogo, tena ni vizuri akule kitu kidogo lisaa limoja ao mawili mbele, sababu woga ukikutana na tumbo tupu mtu anaanguka. Njaa inatakiwa kama watakulaza usingizi, juu mtu akilazwa vile koo nayo inalala, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia kwenye mapafu, na hapo si mambo ya jino tena. Kanuni ya madocta ni masaa 6 bila chakula na masaa 2 bila maji. Ukiingia saa mbili asubuhi, mwisho wa kula ni saa nane ya usiku, na maji matupu mpaka saa kumi na mbili. Chai ya maziwa na uji wa sosoma ni chakula, usijidanganye. Sasa kuna shida gani mwenye anaandika karatasi aongeze neno moja, ganzi ao usingizi? Na mtu wa sukari mwenye anachomaka insulini, ukimwandikia "à jeun" hivi hivi unaweza kumwua, huyo lazima aulizwe kwanza na apangiwe dawa yake.

Ya kiisha kutoa njo inanikasirisha zaidi. Jino likitoka shimo linajaa damu, damu inaganda, na ile bonge njo bandeji yenyewe, inafunika mfupa na mishipa. Kunyonya kunaivuta itoke. Na sisi watu wa hapa tunapenda kunyonya! Mgonjwa akifika nyumbani mashemeji wanakuja kumuona na Fanta na mrija ndani, mtoto anamletea jus ya sashe, ile ya kung'ata kwenye pembe na kuvuta, baba mkubwa naye anaona bora kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mwingine anasukutua na kanyanga, ile pombe kali, eti inaua mikrobe. Halafu siku ya tatu ao ya nne, wakati maumivu yalipaswa kupunguka, yanaanza upya, yanapanda mpaka sikioni, mdomo unanuka, parasetamoli haisaidii kitu. Hiyo madantisti wanaiita alveoliti, bonge limetoka na mfupa uko wazi. Watu wanakimbilia antibiyotiki kwenye farmasi, kumbe inatakiwa kurudi kwa dantisti asafishe shimo na aweke dawa mule ndani.

Siku ya kwanza kwa hiyo usinyonye, usiteme teme mate, usisukutue, pombe hapana, sigara hapana hata siku zinazofuata, na kama walikuandikia antibiyotiki ya Flagyl basi pombe uiache mpaka dawa iishe na siku zingine juu yake. Chai ya moto ngoja ganzi iishe, inakaaka masaa mengi, mtu anaungua ulimi ao anatafuna shavu lake mwenyewe na hasikii kitu. Kula mashanza (maziwa ya kuganda) na kijiko, avoka ya kuiva, ndizi, supu ya uvuguvugu. Bugali laini na mchuzi siku ya pili si mbaya, tafunia upande mwingine, lakini sambaza ya kukaanga uiache wiki yote, najua ni ngumu, ile miiba na vichwa vinaingia kwenye shimo na kutoka havitoki, hivyo hivyo karanga na mahindi ya kuchoma. Pilipili nayo ingoje. Kiisha masaa 24 unaanza maji ya uvuguvugu na chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, unainamisha kichwa huku na huku na unaacha yamwagike yenyewe, si kutikisa mdomo kama mtu anaosha bido ya mafuta.

Hayo yote yanaenea kwenye nusu karatasi. Mdogo wangu alitoka pale na orodonansi ya Kifaransa, risiti yenye kashe mbili na pamba mdomoni, hakuna mwenye alimwambia lolote juu ya mrija. Naomba gazeti lenu liwaulize wakubwa wa afya wa muji wetu: kwa nini sentre haziwezi kumpa kila mtu hiyo nusu karatasi kwa Kiswahili, tena siku anachukua randevu, si siku ya kutoa jino?

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu