Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu kwenye changarawe za bonde la Loire

Wanachama wenzangu, watu wa vumbi na matope, habari za siku nyingi.

Katibu kaniambia niandike ukurasa mmoja tu, ila mnanijua, vumilieni. Hesabu atawaletea mhazini mwenyewe kwenye kikao, mimi naongelea ruti zetu za baiskeli. Na nianze kwa kukiri kabla hamjaniwahi: mwaka huu nimechora ruti mbili mbovu, zote mezani kwangu, zote nikiangalia picha za satelaiti na kujiona mjanja. Mtaziona huko chini.

Kwa waliojiunga katikati ya mwaka, chama hiki kilizaliwa na uchovu wa lami. Ile njia kubwa ya baiskeli, Loire à Vélo, ina kilomita kama 900 na sina ubaya nayo, vibao kila kona, hata mtoto anaiendesha, ila ikifika Julai ni familia nzima nzima na vitrela vya watoto na baiskeli za umeme mpaka unaenda kama uko kwenye foleni. Sisi tunatafuta kilichopo pembeni yake. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na kipande cha katikati kutoka Sully-sur-Loire mpaka Chalonnes kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000. Watu wanasikia hivyo wanafikiria majumba ya wafalme tu. Sisi tunafikiria matuta ya kuzuia mafuriko ya mto, njia za mifereji, njia za mashamba ya mizabibu na misitu, na nyingi ya hizo hazina lami mpaka leo, mungu ibariki bajeti ndogo ya vijiji.

Haya, kosa la kwanza. Machi. Nilichora ruti ya asubuhi ishuke kwenye njia ya chini, ile inayopita kati ya mto na tuta, kwa sababu kwenye picha ilionekana nyeupe, imenyooka, tamu. Siku ile jua linawaka, anga safi kabisa, mimi natamba mbele. Tumeshuka kwenye tuta, tukapiga kama kilomita mbili, halafu njia ikaingia majini. Sio dimbwi, ni mto. Maji ya kahawia yametulia tuli, na mbele yetu kibao cha njia kimebaki kichwa tu, mshale unaelekeza kwenye maji. Bado kuna waliojaribu, na mmoja wao ni mimi, maji yakafika kwenye pedeli kisha juu ya pedeli ndio akili zikarudi. Kilomita 14 kurudi tulikotoka, na wawili mpaka leo wananidai beringi za gurudumu la nyuma.

Sasa kwanini maji wakati hakuna mvua? Kwa sababu Loire hainyeshewi pale tulipo. Chimbuko lake liko mbali kusini, Mont Gerbier-de-Jonc, huko kwenye milima ya Massif Central, na mvua ikipiga huko juu maji yanakuja kwetu baada ya siku kadhaa, jua likiwa linawaka. Wenyeji wanalijua hili kwa karne nyingi, ndio maana matuta yenyewe yalianza kujengwa zamani za kati, na bado mto uliyavunja mwaka 1846, ukarudi 1856, ukarudi tena 1866. Ukipita kwenye gati na kuta za nyumba za zamani angalia vizuri, utaona mstari umechongwa kwenye jiwe na mwaka pembeni, mingine iko juu ya kichwa cha mtu aliyekaa kwenye baiskeli. Nimezipita alama hizo miaka na miaka nikipiga picha, sikuwahi kuzichukulia kama habari inayonihusu.

Kwa hiyo kuanzia sasa: anayeongoza safari anaangalia Vigicrues jioni ya kuamkia safari (ni huduma ya serikali, inaonyesha kina cha mto kituo kwa kituo, bure), na kila kipande cha njia ya chini lazima kwenye faili la ruti kiwe na mbadala wake wa juu ya tuta. Faili lisilo na mbadala halitoki. Hata likiwa la mwenyekiti.

Mei ilikuwa raha tupu, au karibu. Mzunguko wa Chinon, siku mbili. Tulitoka Richelieu, ule mji ulionyooka kama daftari la hesabu aliojijengea Kadinali Richelieu karne ya 17, tukafuata tuta la reli ya zamani mpaka Chinon, kama kilomita 20 bila gari hata moja, ukiwa umechoka hapo ndio mahali pa kupiga stori. Baada ya Chinon unafuata mto Vienne mpaka Candes-Saint-Martin unapoingia Loire. Simama pale juu ya kijiji. Mito miwili inakutana rangi tofauti, na ni hapo hapo alipofariki Mtakatifu Martin mwaka 397. Kutoka Candes unapanda msituni mpaka abasia ya Fontevraud, walikozikwa mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, mkewe Eleanor wa Aquitaine na mtoto wao Richard, ile sanamu ya Eleanor imelala na kitabu mkononi anasoma, mi ndio naipenda kuliko zote pale. Kupanda ni kufupi ila kunauma.

Tatizo la upande huo ni mawe. Kuna mawili, na yana tabia tofauti. Tuffeau ni lile jeupe laini lililojengea karibu kila jumba huku, likikauka linatoa vumbi kama unga na linashika vizuri, likilowa ni sabuni, hakuna tairi litakalokusaidia, shuka utembee na usione aibu. La pili ni gumegume, limejaa kwenye njia za mizabibu, na lile linakata. Dada yetu mmoja alikatwa tairi ubavuni, kidonda cha sentimita moja na nusu hivi, dawa ya kuziba inayowekwa ndani ya tairi lisilo na tyubu ikaruka nyeupe mpaka kwenye miwani ya aliyekuwa nyuma yake. Tukachomeka uzi wa kuziba, ukatoka. Tukachomeka nyuzi mbili, zikatoka pamoja. Mwisho tulivua tairi, tukapangusa ndani kwa soksi, tukaweka kipande cha tairi kuukuu cha ukubwa wa kiberiti kwa ndani, tukatia tyubu ya kawaida, akapiga kilomita 46 zilizobaki bila shida. Kile kipande kina uzito wa hewa. Kila mtu awe nacho, na tyubu moja, hata kama tairi zako hazitumii tyubu. Upana nasema milimita 40 ndio mwisho wa chini kwa ruti zetu, 45 ni bora, na upunguze upepo, kujaza mpaka tairi linalia kama ngoma ni mambo ya lami.

Kosa la pili, Oktoba, Sologne, lile eneo la misitu kusini mwa mto. Hapa ndio niliwatia aibu. Njia ilionekana kwenye ramani, wazi kabisa, kumbe ni ya mtu. Na Oktoba ni msimu wa kuwinda, unaoanza Septemba mpaka mwisho wa Februari, na Sologne ndio penyewe kwa uwindaji. Tumekata kona tukakuta wazee wamevaa fulana za rangi ya chungwa, mbwa wanabweka, na bwana mmoja kwa upole sana akatuonyesha kibao nyuma yetu ambacho watu tisa tumekipita bila kukisoma. Tangu sheria ya Februari 2023, ile iliyoletwa kupunguza uzio mrefu msituni, kuingia kwenye msitu wa mtu uliowekewa alama ni kosa lenye faini, kawaida euro 135, kwa kila kichwa. Zidisheni wenyewe mara tisa. Yule bwana alituachia tu.

Nimejifunza kuangalia ramani ya viwanja kabla ya kuchora, iko wazi kwa kila mtu. Ikisema chemin rural hiyo ni njia ya kijiji, ya umma, pita. Ikisema chemin d'exploitation ni ya wenye mashamba, unaweza kupita kama hawajakataza, na wakiweka kibao au mnyororo basi mjadala umeisha. Na Sologne kuanzia Septemba mpaka Februari tunaifuta. Mkitaka msitu wa vuli nendeni mbuga ya Chambord, hekta 5,440 ndani ya ukuta wa kilomita 32, kuna njia za baiskeli zilizowekwa rasmi, mkae kwenye hizo hizo kwa sababu sehemu kubwa wameachiwa kulungu na nguruwe pori.

Dogo lakini linanikera: visiwa vya mchanga. Kuanzia Aprili mpaka Agosti ndege wa majini waitwao buabua wanataga pale mchangani, mayai yana rangi ya mchanga, huyaoni mpaka umeyakanyaga. Kuna mtu aliteremsha baiskeli pale kwa ajili ya picha. Anajijua. Isirudiwe.

Treni. Watu tisa na baiskeli tisa hawaingii kwenye behewa moja, tulijaribu Saumur na tukagombana na kila mtu ikiwemo sisi wenyewe. Kuanzia sasa tunagawana watatu watatu kwa treni tofauti, mambo yaishe.

Mwakani napendekeza safari ya kwanza iwe ya mfereji, kuanzia Briare kwenye lile daraja la chuma la mwaka 1896 linalobeba maji na mashua juu ya Loire, mita 662, halafu tufuate mfereji kusini mpaka chini ya kilima cha Sancerre. Mfereji haufuriki kama mto, ndio maana nauweka Machi. Ruti kachora katibu, mimi nimeishika kwa macho tu.

Kura ya ruti tutapiga kwenye kikao. Na pampu ndefu ya chama, ile nyekundu, imeonekana mara ya mwisho Chinon. Aliye nayo aje nayo.