Picha ni stroberi, ndani ni mdudu

Mhariri,

Mimi nauza juisi pale Kibuye, Kisumu, na kila msimu wa zambarau, zile wengi huku tunaita jamna, lazima nizozane na mteja. Asubuhi juisi iko rangi ya divai, ikifika saa tisa jua limeipiga kwa chupa imeanza kuwa kahawia kahawia, basi mtu anaiangalia ananiambia mama hii imeoza, anavuka barabara kununua ile nyekundu ya dukani ambayo hukaa dirishani miezi na haipauki. Na wala haijaoza! Rangi ya zambarau ni anthosiani, ndiyo hiyo iko pia kwa ganda la zabibu nyeusi, na haipendi joto wala mwanga.

Usiponiamini gawanya juisi ya zambarau kwa vikombe viwili, kimoja kamulia ndimu utaona inang'aa nyekundu, kingine tia magadi kidogo, yale ya kupikia mrenda, inageuka bluu halafu kijani fulani ya kuogopesha. Mtoto wa jirani aliona hivyo akadhani mimi ni mganga.

Sisemi rangi za kiwandani ni sumu, zimeruhusiwa kwa kiasi. Lakini Ulaya tangu 2010 chakula chenye rangi za kiwandani zenye namba kama E102, E110 ama E129 lazima kiwe na onyo kwamba zinaweza kuvuruga utulivu na umakini wa watoto, na Marekani Januari 2025 walifuta ile nyekundu inaitwa Red No. 3 kwa chakula na dawa za kumeza, viwanda vya chakula vikapewa mpaka Januari 2027 viiondoe. Kwa hivyo saa hii "rangi ya matunda" ni biashara.

Sasa kinachoniuma ni hizi vitamini. Niliingia kemist moja kumtafutia mjukuu zile za kutafuna kama peremende, mbele picha ya zabibu imelowa umande, nyuma maandishi madogo kama mayai ya chawa mpaka nikaazima miwani ya mhudumu, ambaye alikuwa ashaniambia ati ni sawa tu na kula matunda. Tukasoma: rangi, E163. Sawa, hiyo ni anthosiani kweli, inaweza kutoka kwa ganda la zabibu ama karoti nyeusi, lakini rangi kidogo ya ganda si tunda, ni kama kupaka kucha tu. Mkebe wa pili picha ni stroberi, rangi E120. E120 ni mdudu! Mdudu wa kwenye dungusi, Peru wanamfuga wanamkausha wanamsaga. Mimi sina shida na wadudu, sisi huku tunakula kumbikumbi na tunalamba vidole, lakini basi si wachore mdudu.

Ninachoomba Kebs, shirika la viwango la Kenya, ni kimoja: rangi iandikwe jina lake na imetoka kwa nini, kwa Kiswahili, hapo mbele karibu na hiyo picha ya tunda, si namba za kujificha huko nyuma.

Na wateja wangu wa saa tisa, chupa nimezitoa juani nikaziweka kwa barafu, na ndimu naongeza kidogo. Rangi sasa inafika saa kumi na moja. Baada ya hapo itakuwa kahawia, mtaniwia radhi.

Mama Juisi,
Kibuye, Kisumu